Usimfungie mlevi chumbani: yanayompata mtu wa lutuku akikatishwa pombe ghafla

MuuguziKatuba:

Ndugu zangu, naandika kutoka Lubumbashi. Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya huku Katuba. Uzi huu una jambo moja kubwa, na nitalirudia mpaka limwingie kila mwenye mlevi nyumbani: mtu wa lutuku, ile kali ya kienyeji inayopikwa mitaani huku kwetu, au yeyote anayekunywa pombe kali kila siku, tangu asubuhi, usimfungie ndani ukamnyima pombe ghafla ukidhani ndiyo dawa. Anaweza kukufia mikononi.

Wengi hushangaa wakisikia hivyo. Wanajua pombe inaua, hawajui kwamba kuikatisha vibaya nako kunaua.

Huku kwetu mambo huenda hivi. Familia imechoka. Baba ameuza redio, ameuza mabati, sasa anaanza kuuza sufuria. Kikao kinaitwa, wajomba wanafika, uamuzi unatoka: afungiwe chumbani mpaka pombe imtoke, au apelekwe kwenye chumba cha maombi, na akianza kusumbua afungwe kamba asitoroke. Siku ya kwanza anatetemeka na kutapika, watu wanasema pombe inatoka. Siku ya pili anaanguka kifafa, watu wanasema pepo anatoka. Siku ya tatu anaongea na watu wasiokuwepo, na hapo ndipo mtu mmoja anakumbuka kumwita muuguzi.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ya namna hiyo. Mzee, fundi magari wa zamani, alikuwa amelazwa kwenye mkeka, mikono imefungwa kwa kipande cha kitenge. Mkeka umelowa jasho, mwili unawaka, mapigo ya moyo yanakimbia hata kuyahesabu kwa kidole ni kazi. Tulipomfungua hakumpiga mtu. Alianza kuokota siafu kwenye blanketi, mmoja mmoja, kwa uangalifu wa fundi anayeokota skrubu, akampa binti yake awatupe nje. Siafu hawakuwepo. Binti alinyoosha kiganja akavipokea vile visivyokuwepo ili baba yake atulie, huku akiniuliza kwa sauti ya chini, "Yaya, papa atapona?" (Huku kwetu yaya ni ndugu mkubwa.) Tulimpakia kwenye teksi, akapona, kwa sababu jirani alikuwa amepiga simu mapema.

Nieleze kinachotokea mwilini. Pombe hupunguza kasi ya ubongo, ni breki. Mtu akinywa kila siku kwa miaka, ubongo nao hukanyaga mafuta zaidi ili aweze kutembea, kuongea na kufanya kazi hivyo hivyo akiwa na pombe damuni. Siku ukiitoa breki kwa mara moja, mafuta bado yamekanyagwa. Ndiyo maana mikono hutetemeka, moyo hukimbia, shinikizo la damu hupanda, usingizi hukimbia.

Mtetemeko na jasho huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya tone la mwisho. Kifafa, kikija, huja zaidi ndani ya siku mbili za kwanza. Kuweweseka, yaani kuchanganyikiwa na kuona vitu pamoja na homa na moyo kwenda mbio, huja mara nyingi kati ya siku ya pili na ya nne. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayoua, na inaua zaidi pale inapoachwa bila matibabu.

Si kila mnywaji atafika huko. Anayekunywa bia mbili Jumamosi akiacha leo hatatetemeka. Wa kuogopa ni huyu: anayekunywa asubuhi ili mikono itulie, aliyewahi kuanguka kifafa au kuweweseka alipokosa pombe, anayekunywa kali kila siku, mzee, mgonjwa, au asiyekula. Huyo apelekwe kwa wahudumu wa afya kabla ya kukatishwa.

BahariDar:

Mkuu, asante kwa somo, lakini huko hospitali wanamfanya nini? Huku kwetu Dar watu wa unga wakikosa tunasema wana arosto, tunawaacha wagaregare mpaka ipite.

MuuguziKatuba:

Ndugu, arosto ya heroini ni mateso makubwa, mtu anaharisha, anatapika, mifupa inamuuma, lakini kwa mtu mzima mwenye mwili mzuri mara nyingi haimuui mradi apate maji. Arosto ya pombe ni jambo jingine, msizipime kwa kipimo kimoja. Hatari hiyo hiyo ya kifafa iko kwa aliyezoea vidonge vya usingizi vya jamii ya Valium.

Hospitali wanampa diazepam, ambayo ndiyo hiyo Valium, kwa dozi inayopimwa kulingana na hali yake, kisha inapunguzwa siku hadi siku kwa muda wa wiki moja hivi mpaka inakwisha. Wanampa vitamini B1 kwa sindano. Wanamrudishia maji na chumvi. Wanamlaza penye mwanga na utulivu, na mtu wa kumwangalia usiku.

Hiyo B1 naomba muishike. Mlevi wa muda mrefu hali vizuri, na hata akila, pombe huzuia tumbo lake kuinyonya vitamini hiyo. Akifika amedhoofika, mkaharakisha kumwekea serumu (dripu) ya sukari kabla ya B1, ubongo unaweza kuharibika: macho yanacheza, miguu haishiki njia, akili inavurugika. Ugonjwa huo unaitwa Wernicke. Ukicheleweshwa, unamwachia mtu kumbukumbu iliyokatika, anakusalimia leo na kesho hakujui. Sindano yenyewe haina gharama ya kutisha.

Lakini jamani, msiende kununua Valium kwenye farmasi ya barabarani mkajitibia nyumbani. Valium juu ya pombe husimamisha pumzi. Na yenyewe ina uraibu wake.

MchungajiRuashi:

Muuguzi, nimesoma kwa moyo mzito. Mimi ni mchungaji. Tumewaombea walevi na wengine leo ni mashemasi. Usiwafanye watu wadharau maombi. Mtu anaingia kwenye mfungo wa siku tatu, bila kula wala kunywa, anatoka amefunguliwa.

MuuguziKatuba:

Pasta, heshima yako. Mimi pia ni mtu wa kanisa na sitaandika neno la kudharau maombi. Nimeona watu walioacha pombe kwa nguvu ya kanisa, na najua kwa nini inasaidia: pale mtu anapata watu wapya wa kukaa nao jioni, anapata kazi ya kufanya, anapata jina jingine mbali na lile la mlevi. Hakuna kidonge kinachotoa hivyo.

Ila mfungo mkavu kwa mtu wa lutuku katika siku zile tatu ndiyo hatari yenyewe. Anatokwa jasho na kutapika, halafu anyimwe maji. Sukari yake iko chini, halafu anyimwe chakula. Na siku tatu ndizo zile zile za kifafa na kuweweseka. Nakuomba kama mwanao: mpeleke kwanza atibiwe wiki moja, mwombee ukiwa umekaa kando ya kitanda chake, wauguzi hawatakufukuza. Akitoka, mpokee kanisani. Kazi yako kubwa inaanza hapo, itadumu miaka. Na kamba, Pasta, naomba iondoke kabisa. Mtu akifungwa akaanguka kifafa anavunjika mkono, akitapika akiwa chali anajikaba.

MchungajiRuashi:

Kuhusu maji na chakula nimekuelewa. Nitazungumza na wenzangu wanaokaa na wagonjwa kwenye chumba chetu.

BahariDar:

Naomba nichokoze kidogo. Si ni tabia tu? Mbona pesa ya kunywa anayo na ya ada ya mtoto hana?

MuuguziKatuba:

Swali zuri, na watu wengi wanaliuliza kimoyomoyo.

Nusu hivi ya hatari ya kuwa mraibu hutokana na urithi. Mtoto wa mlevi anaweza kuonja mara chache pombe ikamshika haraka kuliko mwenzake. Anayeanza akiwa na umri wa miaka 13 au 14, ubongo wake bado unajengwa, naye hushikwa kwa urahisi zaidi. Baada ya miaka ya kunywa, sehemu ya ubongo inayotafuta raha huitikia harufu ya chupa kwa nguvu kuliko inavyoitikia chakula au uso wa mtoto. Mwanzoni mtu alichagua, hilo nakubali. Baadaye uwezo wa kuchagua ndio unaougua.

Halafu kuna mahali mtu anapoishi. Wanajeshi wengi wa Marekani walitumia heroini walipokuwa vitani Vietnam. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia waliporudi kwao kuanzia mwaka 1971. Kati ya waliokuwa waraibu kule, karibu 5 tu kwa kila 100 walirudia uraibu katika mwaka wa kwanza nyumbani. Vita iliwaacha, na heroini ikawaacha.

Sasa njoo Lubumbashi. Mwaka 2003 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, iliwaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika Katanga kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Walikuwa watu wa kazi ya maisha, wana nyumba ya kampuni, hospitali ya kampuni, shule ya kampuni. Mtu aliamka asubuhi hana filimbi ya kumwita. Waulizeni wazee wa huku ni wangapi waliingia kwenye lutuku miaka ile. Leo vijana wao wako machimboni, wanashuka kwenye shimo ambalo huenda likawafunika, na wengi hawashuki bila kunywa kwanza. Ukimwambia kijana huyo aache pombe, mwambie pia atashukaje.

Na lutuku iko kila avenyu. Inapikwa kwa mahindi na kimea, kwenye pipa, mvuke unapita kwenye bomba lililopozwa kwa maji, inatoka safi kama maji ya kisima. Wanaopika ni akina mama, na hela yake ndiyo inayolipa minervali, yaani ada ya shule, ya watoto. Sitawatukana mama hao. Polisi wakimwaga pipa leo, kesho mtoto anafukuzwa shule na keshokutwa pipa jingine liko motoni. Anayetaka lutuku ipungue ampe yule mama kazi nyingine yenye hela ya kila siku.

MchimbajiKolwezi:

Mimi lutuku siigusi. Bia tu, chupa kubwa, jioni, tatu au nne. Sijioni kwenye uzi huu.

MuuguziKatuba:

Ndugu yangu, chupa kubwa ya sentilita 72 yenye asilimia 5 ina kama gramu 28 za alkoholi. Ukinywa tatu umefika gramu 85. Kiasi cha chupa moja hiyo ni sawa na sentilita 9 za kali ya asilimia 40. Ini halisomi lebo ya chupa.

Jiulize maswali manne, ni ya kizamani lakini wahudumu bado tunayatumia. Umewahi kuona unapaswa kupunguza? Watu wakisema juu ya kunywa kwako unakasirika? Umewahi kujisikia vibaya moyoni kwa ajili ya pombe? Umewahi kunywa asubuhi ili mwili ukae sawa? Ukijibu ndiyo mara mbili, nenda ukaongee na mhudumu wa afya. Hilo la nne ukijibu ndiyo, usiache ghafla peke yako.

Na usingoje ini lisinyae. Pombe hupandisha shinikizo la damu, huchoma kongosho, husababisha saratani ya koo, ya ini, ya utumbo, ya matiti kwa wanawake. Tangu 1988 imo kwenye orodha ya vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Mama mjamzito akinywa, mtoto anakunywa naye. Shirika la Afya Duniani lilihesabu vifo milioni 2.6 vilivyotokana na pombe duniani kwa mwaka 2019 pekee.

MchimbajiKolwezi:

La nne nimejibu ndiyo. Niko chimboni, hospitali ya maana ni mbali. Nifanyeje?

MuuguziKatuba:

Asante kwa kusema ukweli mbele ya watu. Usikate leo. Endelea na kiasi kile kile mpaka uonane na mhudumu. Kama itachukua muda kumfikia, punguza kidogo kidogo kwa siku nyingi, na mtu mmoja unayemwamini akushikie chupa. Ukiona mtetemeko mkubwa au jasho, umepunguza haraka mno, rudi kwenye kiasi cha jana yake. Kula. Kunywa maji. Usishuke shimoni siku hizo. Ukianza kuona vitu au ukianguka kifafa, hiyo si ya kusubiri tena, wakupakie kwenye gari lolote linaloelekea mjini.

DadaUvira:

Yaya, samahani natoka kwenye mada. Kuna watu walikunywa kali ya magendo, mmoja akaamka haoni. Ni nini hicho?

MuuguziKatuba:

Hujatoka kwenye mada hata kidogo. Hiyo inafanana na sumu ya methanoli. Mara nyingi inatokea mtu anapochanganya alkoholi ya viwandani kwenye pombe ili iwe kali na iwe nyingi. Ubaya wake haionyeshi mapema. Mtu analewa kawaida, analala, baada ya saa 12 au 24 anaanza kuona ukungu, kichwa na tumbo vinauma, anapumua haraka haraka. Maziwa hayasaidii. Hospitali kubwa, mara moja, na mbebe chupa yenyewe mwonyeshe. Wote waliokunywa pamoja naye waende pia, hata anayejiona mzima.

MamaGoma:

Mwanangu ana miaka 19. Anakunywa vidonge vya tramadol, anavuta bangi, na siku hizi anaongeza vipakiti vya kali. Niogope kipi?

MuuguziKatuba:

Mama, pole sana. Ogopa mchanganyiko. Tramadol ni dawa ya maumivu ya ukoo mmoja na mofini, na kali juu yake hupunguza pumzi mpaka mtu akalala moja kwa moja. Ukimkuta amelala anakoroma kwa taabu, midomo imebadilika rangi, haamki ukimtikisa, usimmwagie maji, mlaze ubavu na umkimbize. Kuna sindano ya naloxone ya kuamsha pumzi. Tramadol kwa wingi pia huleta kifafa yenyewe, hata kwa kijana asiyewahi kuanguka. Bangi kwa umri huo, hasa ikianza mapema na kila siku, huongeza hatari ya kuchanganyikiwa akili, zaidi kama kwenye ukoo kuna aliyewahi kuugua akili.

Goma mna kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu. Bukavu kuna SOSAME. Huku Lubumbashi tuna kituo cha Joseph Guislain. Vyote vinaendeshwa na Mabruda wa Upendo, watawa wa Kikatoliki. Usimwambie "nakupeleka kwa wendawazimu", atakimbia. Mwambie mnaenda kutafuta usingizi wake, maana nina hakika halali vizuri, na hapo atakukubalia.

BahariDar:

Shemeji yangu alitibiwa, akatoka safi, baada ya miezi akarudia. Familia imesema basi.

MuuguziKatuba:

Kurudia ni sehemu ya ugonjwa huu. Wanaorudia baada ya matibabu ni kama 40 hadi 60 kwa 100, na watu wa shinikizo la damu wanaoacha dawa zao wako kwenye kiwango kinachofanana, lakini hao hatuwaitii kikao cha ukoo. Wiki moja ya hospitali husafisha mwili. Uraibu wenyewe hutibiwa baadaye, kwa miezi na miaka.

Kuna dawa za kupunguza hamu, naltrexone na acamprosate, na kuna disulfiram inayomfanya mtu augue akigusa pombe. Huku kwetu kuzipata ni shida, na disulfiram mtu asipewe kwa siri kwenye chakula, inaweza kumwangusha. Kinachopatikana kila mahali ni watu. Wale wa Alcoholics Anonymous walianza mwaka 1935 Marekani, walevi wawili wakizungumza, na mpango wao bado ni huo huo: mlevi aliyeacha anamsikiliza mlevi anayetaka kuacha. Parokia yoyote inaweza kutoa chumba na viti.

Nyumbani, mwondoeni kwenye njia anayopita kila jioni. Mshahara wake ukija, mkubaliane mapema, yeye akiwepo na akili yake, nani atashika nini. Na mke wake naye apate mtu wa kuzungumza naye, amebeba mengi kuliko mnavyojua.

MamaBelAir:

Yaya, nasoma huku nalia. Mume wangu wamemfungia kwa shemeji tangu jana jioni. Ni mtu wa lutuku miaka mingi. Leo anatetemeka na anasema kuna watu dirishani. Shemeji anasema tusubiri.

MuuguziKatuba:

Mama, msisubiri. Mwonyeshe shemeji uzi huu, fungueni mlango, washeni taa, mmoja akae naye akimwita kwa jina lake. Mpeni maji kidogo kidogo kama anameza vizuri. Tafuteni gari sasa hivi.

Mkifika mapokezi usiseme "ni mlevi", watakuweka kwenye foleni, nimeona familia zikirudishwa nyumbani kwa neno hilo. Sema hivi: alikuwa anakunywa kali kila siku kwa miaka kadhaa, amekunywa mara ya mwisho jana saa fulani, sasa anatetemeka na anaona watu wasiokuwepo. Taja kama aliwahi kuanguka kifafa. Taja dawa zote anazokunywa. Uliza kuhusu vitamini B1 kabla ya serumu ya sukari, uliza kwa adabu, lakini uliza.

Akianguka kifafa njiani, mlaze ubavu, toa vitu vigumu karibu na kichwa, usimtie kijiko mdomoni, usimshike kwa nguvu. Angalia saa ili uwaambie kimechukua muda gani.

Nipo hapa usiku huu. Andika mkishapata gari, na uniambie mnaelekea wapi.